Moja Yenye Mkia

Kwa miaka kumi na mmoja nilihifadhi kopi mbili za mtihani, yaani karatasi za majibu ya wanafunzi, ndani ya bahasha ya kaki, nikiamini kwamba zinathibitisha wizi wa msichana mmoja. Wizi zinauthibitisha kweli. Ila mwizi ndiye niliyempa pointi zake zote, na aliyeibiwa nikampa sifuri. Leo nimebakiwa na kopi moja, ya mvulana. Iliko ile nyingine nitaeleza nikifika huko.

Nafundisha hesabu katika shule ya sekondari hapa Nyawera, komini ya Ibanda, mjini Bukavu. Jina la shule silitaji, kwa sababu hakuna aliyenituma kufanya nilichofanya. Ni shule ambayo kelele za soko na za pikipiki zinazoteremka kuelekea Labotte zinaingia darasani, hata ukifunga madirisha. Mwaka wa mtihani huo nilikuwa na darasa la tatu, seksyo ya sayansi, wanafunzi hamsini na wanane, wasichana kumi na mmoja. Walikaa watatu watatu kwenye benchi iliyotengenezwa kwa ajili ya wawili. Msichana huyo alikaa mwisho wa benchi, upande wa dirisha. Mvulana alikaa katikati.

Ulikuwa mtihani wa mwisho wa mwaka, mwezi wa Juni, mvua imekatika na vumbi la barabara limetanda juu ya kila kitu. Swali la pili lilikuwa mlinganyo wa daraja la pili, x² − 15x + 26 = 0. Aliyepita shule anaikumbuka njia yake: unatafuta delta, 225 ukitoa 104, unapata 121, kipeuo cha pili cha 121 ni 11, halafu majibu mawili yanatoka, 13 na 2.

Nilisahihisha usiku, nyumbani, kwa taa ya betri, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Nilipofika kwenye kopi hizo mbili niliona zimefanana. Maswali matatu kati ya matano yalikwenda hatua kwa hatua, maneno yaleyale, mpangilio uleule. Nikaziweka pembeni. Nataka kusema wazi nilichofikiri wakati ule, kwa sababu ndilo ungamo lenyewe: sikufikiri kitu. Swali la nani alinakili kwa nani halikunijia kichwani. Mtu anayeishi Bukavu haulizi maji ya Ruzizi yanatoka wapi na kwenda wapi. Yanatoka Kivu, yanakwenda Tanganyika, basi. Kwangu mimi jibu la hesabu lilitoka kwa mvulana likaenda kwa msichana kwa namna hiyohiyo.

Asubuhi nikamwita msichana. Mvulana sikumwita.

Alisimama mbele ya meza yangu katika chumba cha walimu, mikono nyuma. Nikamwonyesha kopi. Nikamwuliza ametoa wapi majibu haya.

“Mwalimu, njo mimi nilifanyaka. Sikukopiyaka kwa mutu.”

Nikamwuliza sasa zimefananaje. Akaitazama kopi ya mwenzake kidogo, akaniambia, “Umuulize na yeye.”

Maneno matatu tu, na yalikuwa na haki yote ndani yake. Niliyachukua kuwa ni utovu wa adabu. Adhabu ya udanganyifu ni sifuri kwa mtihani mzima, na sifuri hiyo nikaiandika kwa biki nyekundu, nikaizungushia duara. Mvulana nikampa 18 juu ya 20.

Sasa nizieleze kopi zenyewe, maana nimezitazama mara nyingi sana tangu nilipofumbuliwa macho, na kila mara nashangaa jinsi zilivyokuwa zinasema bila mimi kusikia.

Kopi ya msichana ilikuwa na mstari wa rula pembeni, na mwandiko mdogo ulioinama kulia. Namba yake moja aliiandika kwa namna isiyo ya kawaida: mstari wa kwanza, ule unaopanda kabla ya kushuka, aliuanzia mbali sana chini, ukawa mrefu kama mkia. Ukiitazama haraka unaweza kudhani ni saba. Kwenye swali la pili aliandika kwanza 15² = 215, akaipiga mstari mmoja, juu yake akaandika 225. Chini yake, 225 − 104 = 121. Moja ya kwanza ilikuwa na mkia mrefu, moja ya mwisho iligusana na mstari wa daftari na mkia wake ukapotea.

Kopi ya mvulana haikuwa na 215 iliyofutwa. Ilianza na 225 moja kwa moja. Chini yake aliandika 225 − 104 = 721. Saba ile aliiandika vizuri, na kamstari kake tumboni kama tunavyoiandika huku. Mstari uliofuata: kipeuo cha 721, sawa na 11. Halafu 13 na 2.

Mtu atoe 104 kwenye 225 abakiwe na 721! Mtoto wa shule ya msingi angesimama hapo. Na kipeuo cha 721 kiwe 11! Nami nilisimama, kwa maana pembeni ya 721 ile upo mwandiko wangu mwekundu: “Haraka! Angalia.” Nilimkata pointi moja. Nikaendelea.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nasoma. Kosa la mvulana niliona ni haraka ya mtu mwenye akili, ambaye mkono wake hauwezi kuifuata kasi ya kichwa. Usahihi wa msichana, hata ile alama ya kufuta iliyoonyesha wapi alikosea na wapi alijirekebisha, niliuona ni ujanja wa mtu asiye na kitu. Anayenakili hakosei kwanza ndipo asahihishe. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimewafundisha wengine hivyo.

Kisha likaja baraza la kujadili matokeo, ile deliberasyo inayofanyika kabla ya siku ya kutangaza. Prefe wa masomo, yaani mkuu wa shule, alisoma majina moja moja. Jina la msichana huyu lilipofika, masomo mengine yote alikuwa amepita, hesabu ikamwangusha chini ya nusu. Angeweza kurudia mwaka. Angeweza kupewa mtihani mwingine mwishoni mwa likizo. Prefe akanigeukia, kwa kuwa somo lilikuwa langu, akaniuliza nasemaje.

Nilisema: “Ni mtoto mwenye bidii, lakini hesabu si zake. Apelekwe kwenye ushonaji, atapata maisha.”

Niliyasema kwa upole. Niliamini namwonea huruma. Tulikuwa walimu kumi na wanne mezani, wanawake watatu, na hakuna aliyepinga. Mmoja wa hao wanawake aliongeza kwamba hata baba wa mtoto atashukuru, maana ushonaji unaishia kwenye kazi ya mkono. Kwenye buletini, ile ripoti ya matokeo, ikaandikwa kwamba ameelekezwa kwenye seksyo nyingine. Nikatia saini. Jambo lile lilichukua muda mfupi kuliko ninaoutumia sasa kulisimulia.

Sitaki msomaji adhani nalaumu ushonaji. Fundi mzuri wa Nyawera anahesabu, anapima, anakata, na akikosea sentimita mbili amelipoteza vazi na mteja. Ninachoungama ni kwamba nilichukua kazi ya heshima nikaifanya adhabu, tena adhabu ya kosa la mtu mwingine.

Kopi hizo mbili nikazitunza kama mfano. Kila mwaka tunapokea wastajieri, walimu walio mazoezini, kutoka ISP, chuo cha ualimu cha hapa Bukavu, na mimi nilikuwa na desturi ya kuwakalisha siku ya kwanza na kuwafundisha jinsi ya kutambua mwanafunzi aliyenakili. Kopi zangu mbili ndizo zilikuwa somo. Nilizoea kutaja kwamba hii ni ya mvulana na hii ni ya msichana, kisha naonyesha mfanano, nao wanatikisa vichwa, tunaendelea. Mwaka wa kumi na mmoja, nadhani kwa sababu mmoja wa wastajieri alikuwa anatoka mtaa mmoja na yule mvulana, niliona aibu kuonyesha majina. Nikakunja sehemu ya juu ya kila kopi, nikaibana kwa pini. Sikusema ipi ni ya nani. Nikauliza: nani amenakili kwa nani?

Aliyejibu alikuwa binti mdogo, stajieri wa hesabu, mpole, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi. Alizisogeza kopi karibu na dirisha. Akaweka kidole kwenye 721.

“Mwalimu, samahani. Saba hii imetoka wapi?”

Nikamwambia ni haraka.

“Haraka ingeweza kuleta 122, au 111. Haileti 721, halafu kipeuo kiwe 11.” Akahamisha kidole hadi kwenye kopi ya pili, kwenye ule mkia. “Huyu anaandika moja yake hivi. Mwenzake ameisoma kama saba. Tena huyu amefuta 215, mwenzake hana hata alama ya kufuta.” Akaniangalia kama mwanafunzi anayetaka kujua kama amepata. “Wa saba amenakili kwa wa mkia.”

Wenzake waliinama kuangalia, wakakubali wote. Haikuwachukua hata dakika tano. Nikatoa pini. Nilijua majina yatakayotokea, lakini niliyafunua, nikayasoma kama mtu anayesoma tangazo la msiba. Nikawaambia somo limekwisha. Nikaenda kukaa chooni, mahali pekee shuleni ambapo mwalimu anaweza kuwa peke yake.

Miaka kumi na mmoja sikuwa nimezisoma kopi zile. Nilikuwa nimesoma majina yaliyo juu yake.

Juma lililofuata nilitoa sandukuni madaftari yangu ya zamani ya pointi. Nilikuwa na tabia ya kuandika neno moja au mawili mbele ya kila jina, ili nikumbuke nitakachoandika kwenye buletini. Nikasoma miaka tisa ya maneno hayo kwa siku mbili. Wasichana waliofaulu: ana bidii, anajitahidi, mtulivu, daftari safi. Wavulana waliofaulu: ana kichwa, akili nyingi, atafika mbali. Wasichana walioanguka: hesabu nzito kwake, amefika mwisho. Wavulana walioanguka: mvivu, hakusoma, akitaka anaweza. Nilitafuta msichana hata mmoja niliyemwandikia kwamba ana akili. Nilimpata mmoja, na mbele yake nilikuwa nimeongeza: “kama mvulana”.

Buletini yetu ina mstari wa bidii na mstari wa mwenendo, na mama akisoma kwamba binti yake amepata alama nzuri kwenye mistari hiyo miwili anafurahi, ana haki ya kufurahi. Ila bidii, jinsi nilivyoitumia mimi, lilikuwa neno la kufungia mlango. Maana yake ilikuwa: huyu amefika hapa kwa kujisukuma, ukimwongezea mzigo ataanguka. Na neno mvivu kwa mvulana lilikuwa la kumfungulia: ndani yake kuna kitu, asubiriwe. Huyu alisubiriwa kwa kushindwa kwake, yule hakuaminiwa kwa kufaulu kwake.

Baada ya hapo nilisoma kwenye simu nilichoweza kukipata. Nilijifunza kwamba Mwitalia mmoja, Michela Carlana, alichapisha mwaka 2019 utafiti juu ya walimu wa hesabu wa nchini Italia, akionyesha kwamba wasichana waliofundishwa na mwalimu mwenye kuamini, hata bila kujijua, kwamba hesabu ni za wavulana, walizidi kubaki nyuma katika hesabu, kisha wakaenda kwenye shule nyepesi za sekondari kwa kufuata ushauri wa mwalimu huyohuyo. Niliposoma hapo kwenye ushauri wa mwalimu niliifunga simu. Katika Israeli, Victor Lavy alilinganisha pointi zinazotolewa na mwalimu anayemjua mwanafunzi na zile za msahihishaji asiyeona jina. Katika kazi yake ya mwaka 2008 waliokuwa wakipunjwa na walimu wao ni wavulana. Baadaye yeye na Edith Sand walitazama shule za msingi za Tel Aviv, na huko kwenye hesabu walimu waliwapendelea wavulana, na alama ya upendeleo huo ilionekana miaka mingi mbele, katika masomo ambayo wasichana hao walithubutu kuyachagua. Kwa hiyo upepo hauvumi upande mmoja kila mahali. Lakini katika kazi hizo mbili, jina lilipoonekana, mkono uliyumba.

Kuna mwalimu mwenzangu aliyeniambia nisijiumize, kwamba ndivyo tulivyolelewa. Ni kweli ndivyo tulivyolelewa. Mama yangu alizaliwa mji huu ulipokuwa bado unaitwa Costermansville. Enzi hiyo ya Wabelgiji wavulana walifundishwa Kifaransa na hesabu ili wawe makarani, wasichana wakafundishwa kushona, kupiga pasi na kuosha mtoto. Sophie Lihau-Kanza, Mkongo wa kwanza mwanamke kumaliza sekondari, alimaliza mwaka 1961, uhuru umeshapatikana; miaka mitano baadaye akawa waziri. Sheria yetu ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke aombe ruhusa ya mume kabla ya kufunga mkataba wa kazi ambayo angeifanya yeye mwenyewe, na ilibaki hivyo hadi iliporekebishwa mwaka 2016. Nilikulia humo. Lakini Katiba ya mwaka 2006 ilikuwa tayari imeshaandika usawa wa mwanamke na mwanamume, na nakala yake ilikuwa kwenye kabati la chumba chetu cha walimu, mita chache kutoka kwenye meza niliyoandikia sifuri. Wabelgiji hawakushika biki yangu.

Nilikaa na jambo hili miezi minne. Hili nalo naliungama, maana ilikuwa miezi ya woga. Nilijua alipo. Ana meza ya kushonea kwenye kibaraza karibu na soko la Nyawera, pale wamama wanaotoka ziwani na beseni za samaki wadogo wa sambaza wanapopanda, na wengine wenye mizigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Nilikuwa napita mbele yake karibu kila siku. Alikuwa ananisalimia, “Jambo mwalimu,” nami naitikia, na miaka ya nyuma niliwahi kumwambia mke wangu kwa kujisifu: unamwona yule, mimi ndiye niliyempatia kazi.

Nilikwenda siku ya Jumamosi jioni, anapofunga. Alikuwa anapima kikwembe cha mteja, sare ya kwaya. Alikunja mara moja, akapima kwa shubiri, akaandika kwa chaki 6, gawa kwa 4, 1,50. Moja ile ilikuwa na mkia.

Nikamweleza yote. Nikamtolea kopi mbili. Hakuzishika. Aliendelea kukunja kitambaa hadi nilipomaliza.

“Mwalimu, mi nilijuaka tangu ile siku,” alisema. “Nilikuambia.”

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua. Baba yake alikuwa karani wa bohari, na kila Jumapili alikuwa akikaa naye mezani, wanafanya pamoja hesabu za juma la nyumbani: chumvi, makaa, minervali (karo) ya watoto watano, deni la duka. Daftari lile lilikuwa la wao wawili tangu akiwa darasa la nne la msingi. Buletini yangu ilipofika na neno udanganyifu, baba hakumpiga, wala hakumkaripia. Jumapili iliyofuata alilichukua daftari akampa mdogo wake wa kiume. Hajawahi kulirudisha.

“Miye usiniombe,” alisema. “Uende kwa papa. Paka yeye njo hajuwe.” Wote wengine nyumbani walimwamini, aliniambia; baba peke yake ndiye aliyemwamini mwalimu.

Kabla sijafika huko, nieleze ninachofanya sasa darasani, maana yupo atakayeuliza. Kwenye mitihani ya muhula wanafunzi wangu wanaandika namba, jina linabaki kwenye karatasi ya prefe. Haitoshi. Ifikapo Novemba nimeshajua miandiko, kwa hiyo mimi na mwenzangu wa darasa jirani tunabadilishana kopi. Na kwenye boksi la chaki nimebandika karatasi ninayoweka alama kila ninapomwita mtu ubaoni. Juma la kwanza niliita wavulana tisa na wasichana wawili, na mmoja kati ya hao wawili nilimwita aje kufuta ubao. Kama isingekuwa karatasi ile ningeapa kwamba nawaita sawa.

Mvulana bado sijamwandikia. Alipata diploma ya serikali, sasa anafanya kazi Uvira. Alikuwa na miaka kumi na sita na aliogopa, na mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba akinyamaza, mwalimu atamaliza kazi kwa niaba yake. Nitamwandikia. Nimeanza barua mara tatu.

Baba anakaa Cimpunda, juu kule Kadutu, mahali ambapo pikipiki inakuacha na unamalizia kwa miguu kwenye ngazi za udongo. Binti alitangulia, mimi nikafuata. Mzee alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha mbao, koti amevaa, blanketi magotini. “Asinge, mwalimu,” alisema, akataka kusimama, nikamzuia. Akaamuru niletewe kiti. Heshima ile ilinichoma kuliko kama angenifukuza.

Nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama, na kwa sauti, kwa kuwa hasikii vizuri, na majirani wakasikia. Kwamba binti yake hakuiba. Kwamba aliibiwa. Kwamba mimi ndiye niliyeandika uongo, nikautia saini.

Alinyoosha mkono. Nikampa kopi ya binti yake. Akaomba miwani, akaishusha kopi hadi kwenye mwanga, akawa anapitisha ukucha chini ya kila mstari, polepole, kama karani anayekagua mzigo. Alipofika kwenye 121 ukucha ukasimama. Akaupitisha juu ya ule mkia, kutoka chini kwenda juu, mara mbili.

“Hii moja njo yangu,” alisema. “Njo mi nilimufundishaka, mbele aingie masomo.”

Binti alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu.

“Na kijana? Yeye ulimupa ngapi?”

“Kumi na nane.”

Mzee aliikunja kopi mara mbili, akaikunja tena, akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Sikuiomba. Akamgeukia binti yake, akamwita kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia, akamwuliza siku hiyo ni tarehe ngapi.